Saa Kumi na Moja ya Moyale: Mombasa Hadi Addis Ababa

Niliandika haya wiki mbili baada ya kurudi. Haya nimeyaokota kutoka daftari lililoingia mchuzi na picha za simu ambazo nusu yake ni za sahani. Bei ni zile nilizolipa mimi, Januari 2025. Zikishabadilika usinilaumu.

Watu wameniuliza kwa nini Addis Ababa na si Dubai kama wenzangu. Jibu la kweli ni madrasa. Ukikulia Mombasa, kabla hujajua ramani unajua Habasha, yaani Ethiopia: masahaba wa Mtume walipoteswa Makka walikimbilia huko, na Mfalme Najashi akakataa kuwatoa. Ukiongeza kwamba mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kuingia Ethiopia, basi udhuru umekwisha. Ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa ipo, ni kama saa mbili hewani. Nikaamua kwenda kwa barabara na kurudi kwa ndege.

Ijumaa, 10 Januari: Mombasa hadi Nairobi

Treni kutoka Miritini, daraja la kawaida, Sh1,500. Nililala njia nzima. Usiku kwa binamu yangu, ambaye alinipa sweta lake zito. Nilimcheka. Siku tano baadaye nilimwombea dua.

Jumamosi, 11 Januari: Eastleigh

Mabasi mengi ya Moyale, mji wa mpakani, huanzia Eastleigh, mtaa wa Nairobi. Nilikata tiketi asubuhi, Sh2,500, nikaambiwa gari litaondoka saa kumi na mbili jioni. Likaondoka saa mbili usiku kasoro, baada ya kupakia magodoro, katoni za sabuni na friji moja iliyovalishwa blanketi kama mgonjwa.

Nilikaa na mzee mmoja wa Sololo. Alinihadithia safari za zamani, kabla lami haijafika: unapanda juu ya lori la ng'ombe, unashika chuma, Isiolo hadi Moyale siku mbili au tatu ukila vumbi, na msafara unasindikizwa na askari. Siku hizi ni lami tupu, kilomita mia tano na kitu kutoka Isiolo. "Sasa hata mbuzi wanalala barabarani maana kuna joto," akasema, kisha akalala yeye.

Kitambulisho kaa nacho mfukoni, usikiweke kwenye begi la juu. Kuanzia Isiolo vizuizi ni vingi, na usiku ule tuliamshwa mara sita. Mara ya nne nilikuwa nakitoa macho yamefumba.

Jumapili, 12 Januari: Moyale

Kulipambazuka tukiwa jangwa la Dida Galgalu. Sijui niieleze vipi. Mawe meusi, madogo madogo, yamemwagwa mpaka upeo wa macho, hakuna mti, na barabara imepita katikati kama uzi. Mtu wa pwani macho yake yamezoea kwamba kitu kisicho na mwisho ni bahari. Nikapiga picha kumi na saba, zote zinafanana.

Moyale tuliingia karibu saa tatu asubuhi. Mji ni mmoja, nchi mbili. Kituo cha mpakani cha pamoja kilifunguliwa rasmi mwaka 2020, kwa hiyo unagongewa mihuri yote sehemu moja. Waliniuliza kadi ya homa ya manjano, wakauliza naenda kufanya nini Addis. Nikasema kutembea. "Kutembea tu?" Kutembea tu. Yule afisa akamwita mwenzake aje anione.

Ukivuka, magari yanahamia upande wa kulia. Tazama pande zote mbili, kisha tazama tena.

Kuhusu pesa: serikali yao iliiachia birr, sarafu yao, mwezi Julai 2024, soko liamue thamani yake, na ikaporomoka. Nilipopita mimi, birr moja ilikaribia sana shilingi yetu moja. Kwa Mkenya hii ni raha isiyo na mfano, huhitaji kikokotoo. Badilisha kidogo tu mpakani, nyingine benki Addis, maana tofauti ya bei haikuwa kubwa ya kukufanya uhatarishe pesa zako mikononi mwa kijana anayehesabu noti haraka kuliko macho. Laini ya simu nunua ya huko kwa pasipoti. Utaona mabango ya Safaricom na M-Pesa ujihisi uko nyumbani, lakini ile ni ya Ethiopia, na wenyeji wengi nilioonana nao walilipana kwa Telebirr, huduma yao ya pesa kwa simu.

Sasa tiketi. Nilienda kwenye kibanda cha basi, nikalipa kama birr 1,800 za kwenda Addis, nikapewa karatasi. Imeandikwa tarehe 5/5/2017.

Nikamrudishia karani. Nikamwambia kaka, hii ni ya miaka minane iliyopita. Akacheka mpaka akaita jirani. Kalenda yao iko nyuma yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, ina miezi kumi na tatu, na kesho yake, tarehe 13 Januari kwetu, kwao ilikuwa tarehe 5 ya mwezi wa tano, Tir, mwaka 2017. Akanieleza kwa vidole na kwa Kiingereza cha kuokoteza, nikaelewa, nikafurahi kuelewa, na kwa furaha hiyo sikuuliza habari ya mstari wa pili. Mstari wa pili ulisema: 11:00.

Jumatatu, 13 Januari: bado Moyale

Nilifika stendi saa nne na nusu, begi mgongoni, nimeshakunywa chai, nusu saa kabla ya wakati. Uwanja mtupu. Kuku wawili na mama mmoja aliyekuwa akipepea makaa chini ya turubai.

Nikamwonyesha tiketi. Kumbe alikaa Isiolo miaka mingi, Kiswahili chake ni safi.

"Basi lako limekwenda, mwanangu."

"Saa tano haijafika, mama."

"Saa tano ya nini? Hapa imeandikwa kumi na moja."

"Ndiyo. Ile kumi na moja ya Kizungu."

Akainua uso. "Kumi na moja ni kumi na moja. Alfajiri. Wewe si Mswahili?"

Sina la kujitetea. Waethiopia huhesabu saa kama sisi: jua likichomoza siku imeanza, saa moja ni baada ya saa ya kwanza ya mchana, na hata neno lao ni lile lile, *sa'at*. Tofauti ni kwamba sisi mdomo unasema saa mbili na karatasi inaandika 8:00, na tumezoea hivyo tangu shule, hata hatuoni. Karatasi ni ya wengine, mdomo ni wetu. Wao wanaandika wanachosema. Katika wasafiri wote wa dunia hii, Mswahili ndiye asiyepaswa kuachwa na basi la Ethiopia, na mimi ndiye niliyeachwa.

Yule mama akanivutia kigoda. Alitandaza majani mabichi chini, akafukiza ubani, akakaanga buni mbele yangu mpaka moshi ukanijia usoni, akazitwanga, akachemsha kwenye *jebena*, kile chungu cha shingo ndefu. Kahawa wanaiita *buna*. Sisi tuna buni, basi tofauti ni herufi. Inakuja na bisi za mahindi. Nikamwambia kwetu tunanywa kahawa tungu na halwa au kashata, kwa vikombe vidogo kama hivi hivi, na muuzaji hupita akigonganisha vikombe barazani. Akataka nimwigizie sauti. Nikamwigizia.

Vikombe ni vitatu, kutoka buni zile zile zinazoongezewa maji. Cha kwanza huitwa *abol*, kikali. Cha pili *tona*. Nilitaka kuinuka, akanizuia kwa mkono: cha tatu hakiachwi. Nikamuuliza kinaitwaje.

"Baraka," akasema.

Nilikaa mpaka adhuhuri. Alikataa pesa ya kahawa, akakubali ya bisi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwa karani, akazungumza naye kwa ukali wa shangazi, na tiketi yangu ikahamishiwa kesho bila kulipa tena. Kabla sijaondoka alinivua saa ya mkono, akazungusha mishale, akanirudishia. Kuanzia pale saa yangu ikawa inasema ninachosema.

Jumanne na Jumatano, 14 na 15 Januari: njiani

Saa kumi na moja. Alfajiri. Nilikuwepo saa kumi.

Mabasi haya hayatembei usiku, kwa hiyo safari ni siku mbili. Mega na Yabelo ni nchi ya Waborana, ngamia na vichuguu virefu kuliko mtu. Kuelekea Dilla ardhi inageuka kijani kabisa: kahawa chini ya miti, migomba bandia wanayoiita *enset*, ambayo haizai ndizi ya kula ila shina lake hukwanguliwa, likachachushwa, likawa mkate. Mandhari hiyo ya Wagedeo iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2023. Tulilala Dilla, chumba cha birr 600, maji ya moto yalikuwa ni ahadi. Siku ya pili tukapita Hawassa, kisha Shashemene, walipohamia Marasta kwenye ardhi aliyoitoa Haile Selassie, kisha maziwa ya Bonde la Ufa moja baada ya jingine.

Niseme wazi: barabara hii si ya kuchezea. Kuna vipindi usalama wa maeneo ya Oromia unachafuka, na nilipouliza, wenyeji wenyewe walikuwa wakipeana habari kabla ya kupanda gari. Ulizia madereva mpakani wiki ile ile unayosafiri. Wakisita, panda ndege.

Tuliingia stendi ya kusini, Kality, saa kumi jioni. Baridi. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na mimi nimezaliwa mita chache juu ya bahari. Nilipanda ngazi za nyumba ya wageni, ghorofa mbili, nikakaa kwenye ngazi ya mwisho kama mzee. Chumba birr 1,700 na chai ya asubuhi. Sweta la binamu likavaliwa na halikuvuliwa tena ila kuoga.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na hapa nina la kumwambia Mwislamu mwenzangu anayeogopa habari ya nyama. Wakristo wa Orthodox hufunga Jumatano na Ijumaa: nyama, maziwa, siagi, mayai, vyote hawagusi. Siku hizo agiza *beyaynetu* kokote: injera moja pana, mkate wao mwembamba wa chachu, juu yake vilima vidogo vya dengu, kabichi, viazi, sukumawiki yao, shiro. Birr 250, na sikumaliza. Siku nyingine tafuta mikahawa ya Waislamu, ipo mingi, kwa sababu huko kila upande hula alichochinja wake na wanakuambia bila kinyongo. Injera yenyewe ukishawahi kula anjera ya Wasomali Eastleigh unaijua nusu. Hii ni pana zaidi na chachu yake inauma taya.

Alhamisi, 16 Januari: Arat Kilo na Sidist Kilo

Mabasi madogo ya buluu na nyeupe, nauli birr kumi hadi ishirini. Kondakta anaimba kituo mpaka maneno yanayeyuka. Nilichojifunza ni kusema jina la mahali kwa sauti na kumwachia Mungu. Kila mara kulikuwa na abiria aliyenishika mkono wakati wa kushuka.

Makumbusho ya Taifa yana mifupa ya kale ya yule wanayemwita Dinknesh, ulimwengu unamwita Lucy, wa ukoo wa kale wa binadamu. Aligunduliwa Hadar mwaka 1974, umri miaka milioni 3.2, na wanafunzi waliovaa sare walikuwa wamemzunguka wakinong'ona kama walioingia kwa mgonjwa. Ni mfupi mno. Nilifikiri nyayo za Laetoli kule Tanzania, ambazo ni za jamii hiyo hiyo na zina umri mkubwa zaidi ya huyu.

Sidist Kilo pana mnara mrefu mweupe wa Yekatit 12, wa kuwakumbuka waliouawa na Waitaliano kuanzia tarehe 19 Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua gavana Graziani. Michongo inazunguka mnara: watu wanakimbia, watu wanaanguka. Ng'ambo ya pili ni chuo kikuu, na ndani yake jumba lililokuwa kasri la Haile Selassie. Chumba chake cha kulala kimeachwa, na bafu ya mkewe. Kijana aliyekuwa akinionyesha njia alikuwa mwanafunzi wa uhandisi, nikamnunulia makiato, ile kahawa yao yenye povu la maziwa. Waitaliano walifukuzwa, mashine yao ya kahawa ikabaki.

Niliambiwa na rafiki aliyekuja zamani nisikose kutembea Piassa, mtaa wa kale. Sehemu kubwa imebomolewa mwaka 2024. Sasa kuna njia pana za miguu, taa mpya, na wazee wanaosimama mahali wakikumbuka duka lilikuwa wapi. Usiku panapendeza, siwezi kukataa.

Ijumaa, 17 Januari: Merkato

Merkato ndilo soko ambalo kila mtu atakuambia ni kubwa kuliko yote Afrika. Mimi sina kipimo. Ninachojua ni kwamba soko letu la Kongowea lingeingia ndani na lingepotea. Kuna eneo la mitungi tu, eneo la viungo tu, eneo ambako vyuma chakavu vinageuzwa majiko, na punda wanapita katikati na haki kamili ya njia. Simu weka mfuko wa mbele. Tembea asubuhi.

Ijumaa niliswali Msikiti wa Anwar, uko hapo hapo Merkato. Au niseme niliswali barabarani, maana safu zilishatoka mlangoni, zikashuka ngazi, zikafika kwenye maduka. Sikuwa na mkeka. Muuza viungo mmoja, mtu wa makamo mwenye ndevu za hina, alipasua katoni lake katikati, nusu akanipa mimi.

Baada ya swala tukabaki tunatazamana. Yeye hajui Kiswahili, mimi Kiamhari changu ni *ishi*, yaani sawa. Basi tukaanza kuokota. Nikasema soko, akasema *suk*. Nikasema chai, akasema *shai*. Sukari, *sikwar*. Sabuni, *samuna*. Akakimbilia dukani akarudi na karatasi ya mahesabu: *hisab*. Hesabu! Watu wakaanza kukusanyika kutusikiliza, kila mtu ana neno la kujaribu, na mengi hayakufanana hata kidogo, tukacheka kwa hayo vile vile.

Akanipeleka kula. Nyama ya kukaangwa, *tibs*, imekuja juu ya makaa inachemka. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia, akakunja tonge la injera, kubwa kama ngumi, akaninyooshea mdomoni. Hiyo inaitwa *gursha*. Kwetu tonge la namna hiyo analishwa bwana harusi na bibi harusi, au mtoto. Nikafungua mdomo. Moja haitoshi, lazima ziwe mbili, na cha tatu nikamlisha mimi, mkono unatetemeka, mchuzi ukaingia kwenye ndevu zake za hina. Alipolipa sikuweza kumzuia. Nilinunua kwake robo kilo ya *berbere*, pilipili yao ya kusaga, na nina hakika hata hapo alinipunguzia.

Jumamosi na Jumapili, 18 na 19 Januari: Timkat

Sikupanga kuja wakati wa Timkat. Nauli ya kurudi ilikuwa nafuu tarehe 21, nikahesabu kurudi nyuma. Ukija Januari panga makusudi, na chumba kishike mapema.

Ni sikukuu ya kubatizwa kwa Yesu, na UNESCO waliiorodhesha mwaka 2019. Jumamosi mchana makanisa hutoa *tabot* zao, mfano wa vibao vya Amri Kumi vya Sanduku la Agano, zimefunikwa vitambaa vya dhahabu na kubebwa na makasisi kichwani. Hakuna asiyekuwa kasisi anayeruhusiwa kuziona. Zinatembezwa kwa miguu mpaka uwanja wa Jan Meda, na mji mzima uko nyuma yake kwa mavazi meupe.

Kilichonishika mimi ni mazulia. Kundi la vijana linatandaza zulia jekundu mbele ya makasisi. Wakishalikanyaga na kupita, vijana wanalikunja nyuma, wanaliinua mabegani, wanakimbia kupenya umati mpaka mbele, wanalitandaza tena. Kilomita baada ya kilomita. Jasho linawatoka na wanaimba. Nilitembea kando yao kama saa moja na nusu, na kijana mmoja, bila kuuliza mimi ni nani, alinisukumia ncha ya zulia begani. Nikabeba. Uzito wake bado naukumbuka kwenye shingo. Mamangu atakaposoma haya, ajue lilikuwa zulia tu.

Barabara zinafungwa, teksi hazipatikani, na kuna upekuzi mara mbili tatu, wanaume mstari wao na wanawake wao. Usibebe begi. Beba maji.

Kuna mila ya kijana kumrushia ndimu msichana aliyempenda. Mimi nilirushiwa moja ikanipiga sikio. Nikageuka, kijana akaweka mkono kifuani kuomba radhi, na msichana aliyelengwa, aliyekuwa hatua moja nyuma yangu, akaokota ndimu akaitia mfukoni. Kwa hiyo ilifika.

Jumapili niliamka saa tisa usiku. Jan Meda kulikuwa na ukungu na mishumaa, ngoma kubwa za kanisa zinapigwa polepole. Kulipokucha maji ya kidimbwi yakabarikiwa, yakaanza kurushwa kwa mipira, na makumi ya maelfu ya watu wazima wakawa watoto. Nilisimama mbali, kwa adabu, nikarowa hivyo hivyo.

Jumatatu, 20 Januari: Entoto na Adwa

Asubuhi Entoto, kilima juu ya mji, kufikia mita 3,000 na zaidi. Mfalme Menelik wa Pili alikaa hapo kabla ya kushuka na kuujenga mji chini. Mikaratusi imejaa kila mahali, ililetwa kutoka Australia zama zake kwa sababu kuni zilikuwa zimekwisha. Nilikutana na akina mama wakiteremka na mizigo ya kuni mirefu kuliko wao, wameinama mpaka unaona migongo tu. Mimi nilikuwa na chupa ya maji na nilikuwa nahema. Sikuwapiga picha.

Mchana kumbukumbu ya Adwa, iliyofunguliwa Februari 2024 pale Piassa. Ni ya vita vya tarehe 1 Machi 1896, Waethiopia walipowashinda Waitaliano. Kuna sehemu ya Malkia Taytu, mke wa Menelik, ambaye ndiye aliyelipatia jiji hili jina: Addis Ababa, ua jipya. Palikuwa na baba mmoja akimsomea binti yake kila bango, neno kwa neno, kwa sauti. Nilitembea nyuma yao nisielewe kitu, na nilikaa muda mrefu kuliko ningekaa peke yangu.

Jioni nikanunua kahawa, kilo mbili, buni mbichi. Mama mwenye nyumba ya wageni alikagua, akasema nimepunjwa, akaenda mwenyewe kurudi na nyingine.

Jumanne, 21 Januari: nyumbani

Kwa wanaouliza: barabara, kulala, kula na kutembea, siku zote kumi na mbili, nilitumia kama Sh34,000, bila tiketi ya ndege ya kurudi. Teksi ya kwenda uwanja wa ndege wa Bole agiza kwa programu ya simu ujue bei kabla. Kwenye tiketi ya ndege, saa ni za dunia nzima. Niliisoma mara nne, nikamuuliza mhudumu, nikamuuliza mwingine.

Mombasa joto lilinipokea mlangoni mwa ndege kama shangazi aliyekosana nawe. Nilifika nyumbani alasiri. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Nikambusu mkono, nikakaa, na kabla sijafungua begi akanishika kiganja aangalie saa, kama anavyofanya siku zote, kwa ile njia aliyofundishwa na babake: unatazama mshale ulipo, halafu unasoma upande wa pili.

Mshale ulikuwa kwenye kumi.

"Saa nne?" akasema. Akatazama jua. Akanitazama mimi. "Saa yako imeharibika huko."

"Soma pale pale ulipo, mama."

Akaugeuza mkono wangu huku na huku. Kutoka msikitini kipaza sauti kikakwaruza, muadhini akakohoa.

"Kumi," akasema mama, polepole, kidole juu ya kioo. Kisha akaniuliza kama nimeleta kahawa.